Mwaloni Wenye Miiba

Tatizo la Gaston halikuwa uvivu. Laiti angekuwa mvivu, asubuhi ile angetoka zamu yake ya ulinzi akalala zake, na haya yote yasingetokea. Lakini Gaston ni mtu wa kupenda kuonekana ana faida, hasa mbele ya Mama Lurdes, mwenye nyumba wao wa Rosettenville, Johannesburg.

Na sababu anayo. Yeye na mkewe Denise, msusi, walitokea Joubert Park, kwenye fleti iliyogawanywa kwa mapazia, ambako hata kukohoa unamfikiria jirani kwanza. Mama Lurdes, mjane wa Kireno aliyezeekea palepale Rosettenville, akawapa chumba cha uani chenye bomba lake na dirisha lake, bila kuwauliza maswali ya kuwatoa jasho. Sasa Denise alikuwa na mimba kubwa. Mtoto angezaliwa akute chumba hicho, na Gaston hakuogopa kitu duniani kama kukipoteza.

Nyuma ya nyumba pana kilima. Wenyewe wanakiita hivyo. Kwa kweli ni mteremko wa mawe ya chokaa ambayo marehemu mume wa Mama Lurdes, aliyekuwa fundi mwashi, aliyakusanya mwaka hadi mwaka akayapanga mpaka yakafika usawa wa ukuta. Juu yake alipanda mimea ya milima ya kwao Ureno, inayoishi pamoja kwenye mawe kama hayo: mireteni, mwaloni, na katikati yake rosemari na vichaka vya harufu. Mbegu alizileta kwenye mfuko wa koti.

Mwezi wa nane Mama Lurdes alikwenda Cape Town kwa binti yake kutolewa mtoto wa jicho, maana macho yote mawili yalikuwa yameshaingia ukungu. Mlangoni akamshika Gaston mkono.

"Nyumba sina wasiwasi nayo," alisema. "Nitunzie kilima. Mireteni na mwaloni wa mume wangu."

"Usijali, mama," Gaston akajibu, na alimaanisha.

Mreteni aliujua: majani ya sindano, kama mti wa Krismasi. Mwaloni nao alidhani anaujua. Tangu shule ya Jumapili kule Likasi, Kongo, alisikia habari za Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre, akiwaandalia wageni watatu ndama kivulini, na kivuli cha wageni watatu si cha mti wa kuinamia. Hapa Johannesburg pia mialoni imejaa barabarani, mirefu, majani mapana. Asubuhi moja alipotoka zamu, Gaston akapanda kilima, akautafuta mti wa namna hiyo, hakuuona. Akajiambia kwamba ulishakufa zamani, na mama wa watu kwa macho yale hana habari.

Alichokiona ni miiba. Kichaka kigumu cha kufika kiunoni, vijani vidogo vyenye ncha za kuchoma, kimeibana mireteni mpaka inapumua kwa shida. Na Gaston amekulia kwenye uwanja unaofagiwa kila asubuhi mpaka udongo unang'aa, ambako kichaka karibu na nyumba ni kumkaribisha nyoka. Akachukua panga.

"Weye Gaston," Denise alimwambia kutoka mlangoni, "mama alisema utunze. Hakusema ufyeke."

"Ndiyo kutunza kwenyewe."

Akafyeka mpaka chini kwenye mawe. Kazi ikamnogea, akauinulia panga hata mreteni mdogo uliokuwa umeinama upande. Hapo Denise akapiga kelele kwamba huo auache, utawafaa Krismasi. Gaston akaushusha mkono huku akinung'unika kwamba wanawake wanapenda mapambo kuliko usafi.

Halafu akaanza kukusanya taka kwa reki, na kwenye meno ya reki vikaja vitu vidogo kama njugu zilizovaa kofia. Watoto wa mtaani huvipiga mateke kila mwaka chini ya miti ya barabarani. Mbegu za mwaloni. Gaston akatoa simu, akatafuta, akasoma kwamba ipo mialoni mifupi ya majani ya miiba, na kwamba hupenda kuota kwenye chokaa pamoja na mireteni. Akakaa juu ya jiwe, panga likiwa miguuni.

"Mpigie umwambie," Denise alisema.

Asingeweza. Badala yake alifanya ujinga wa pili. Mwezi wa tisa alikwenda kwenye bustani moja ya mjini, akachimba mche wa mwaloni wa majani mapana, akaupanda palepale alipofyeka. Haukumaliza wiki mbili ukaanza kugeuka njano, na kila alivyoumwagilia ndivyo ulivyozidi. Alikuwa akiumwagilia huku ametazama ukutani, maana mahali pale palimtia aibu.

Mama Lurdes alipiga simu kila Jumapili. "Kilima changu?"

"Kipo, mama." Na hakudanganya, kilima kilikuwepo.

Jumapili moja mama akasema upasuaji umekwenda vizuri mno, sasa anaona hata sisimizi. Gaston akasema Mungu asifiwe, na usiku ule zamu nzima aliwaza mahali pa kupata chumba kingine.

Mwezi wa kumi mama akarudi. Hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, Gaston na Denise wakimfuata kama watu wanaopelekwa polisi, akasimama mbele ya ule mche wa njano.

"Huyu ni nani?"

Gaston akamwambia yote, tangu Ibrahimu mpaka reki. Hakujitetea. Mama Lurdes alimsikiliza bila kumtazama. Kisha akainama taratibu, akatenga majani makavu kati ya mawe. Chini yake visiki vilikuwa vimechipua kila upande, machipukizi mekundu, miiba yake bado laini.

"Kwetu mwaloni huu mbuzi wanaula, watu wanaukata kuni, moto unauunguza, na bado unachipua," alisema. "Mizizi imeshika kwenye nyufa za mawe. Mume wangu aliufyeka mwenyewe kila ulipoibana mireteni. Tangu afe hakuna aliyeugusa. Mimi nguvu sina, na nilikuwa sioni." Akaigusa sindano ya ule mreteni mdogo. "Lakini huu ungeukata, ndiyo basi. Huu hauchipui. Hapo ningekuambia ufungashe."

Gaston akamtazama Denise. Denise akatazama juu, kama mtu anayehesabu mawingu.

"Na huyu wa njano tumhamishie mbele, kwenye udongo mwekundu. Chokaa inamnyima chakula, hana kosa." Mama Lurdes akajinyoosha, akashika kiuno. "Mtoto wenu akianza kukimbia hapa uani, miiba itakuwa imefika magotini mwake, itamchoma. Hapo ndipo utaufyeka tena. Mpaka siku hiyo, panga liweke mbali."

Aliendelea kusema, kuhusu maji, kuhusu rosemari. Gaston hakusikia neno. Alikuwa bado pale kwenye mtoto anayekimbia uani, na machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha. Denise akamshika mkono, akamjibu mama kwa niaba ya wote wawili kwamba wamesikia.