Barabara Aliyosema Ameipita

Katika kijiji cha Petäjävaara, mwenye mbwa wa kuwinda hamwachii mbwa wake mpaka barabara za msituni zipitwe. Ni kazi ya alfajiri, kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Kila mwindaji ana barabara yake. Anaendesha gari taratibu toka mwanzo hadi mwisho, akitazama theluji kama kuna nyayo za mbwa mwitu zilizokatiza. Zikiwapo, mbwa wa kijiji kizima hubaki bandani kutwa, na wenyewe hukaa jikoni wakiwatukana wakubwa wa Helsinki waliokataza mbwa mwitu wasiuawe. Zisipokuwapo, unapiga simu na kusema neno moja: safi. Neno moja, jamani. Mtu mzima mwenye meno yake hashindwi kusema neno moja la kweli.

Jumamosi hiyo ya Januari kipimajoto cha Raili Kyllönen kilionyesha nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na kukoma saa kumi alfajiri. Gari lake lilikataa kuwaka mara tatu, la nne likawaka, akaipita barabara yake yote, kilomita sita, peke yake, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani. Hakuona kitu. Akarudi nyumbani kumlisha Sointu.

Sointu alikuwa mbwa wake, jike la miaka sita, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, na sauti ambayo watu wa vijiji vitatu waliijua. Raili alimlea tangu akiwa anaenea kwenye kofia. Alimpikia nyama ya matumbo na mafuta kila asubuhi, vuguvugu, kwa sababu mbwa anayelala nje kwenye baridi ile hula mara mbili ya wa mjini. Alimpaka mafuta ya kulungu mkubwa wa porini, yule mwenye pembe pana, kwenye nyayo ili theluji ngumu isimchane. Tangu Viljo, mumewe, afariki, nyumba ile haikuwa na sauti nyingine ya kumwamsha ila ya mbwa huyo.

Simu ya kwanza ilitoka kwa jirani yao, Ahti Moilanen. "Safi," alisema, akakata. Ahti si mtu wa maneno.

Ya pili ilitoka kwa Urpo, mdogo wake marehemu Viljo.

"Haya shemeji, kwangu safi kabisa. Hata panya hajapita."

"Umefika mpaka mwisho? Mpaka darajani?"

"Raili, hii barabara nimeanza kuiendesha wewe bado hujaolewa kwetu. Mwachie mbwa bwana, sungura wanazeeka."

Raili alisikia kijiko kikigonga kikombe. Akadhani shemeji yake anakunywa kahawa ndani ya gari. Akacheka, akamfunga Sointu ukosi wenye kile kidude kinachoonyesha kwenye simu mbwa alipo, wakaenda.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Haikupita nusu saa Sointu akamwamsha sungura kwenye vichaka vya kinamasi, akaanza kubweka kwa mfululizo akimfuata, bila kupumzika, sauti ikipanda na kushuka kati ya misonobari. Sungura akifukuzwa huzunguka na kurudi alikotoka, kwa hiyo Raili alisimama kwenye njia panda ya sungura, bunduki mkononi, pumzi ikimgandia kwenye skafu. Alikuwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alikuwa amesimama pale akitabasamu.

Mzunguko wa kwanza sungura alipita mbali. Wa pili alivuka kinamasi kuelekea upande wa barabara ya Urpo, na sauti ya Sointu ikaenda naye, ikawa ndogo, lakini bado inasikika.

Saa nne na dakika kumi sauti ikakatika.

Mbwa akipoteza harufu hunyamaza, kisha hujaribu tena, hubweka kimoja, hubweka viwili. Sointu hakubweka. Ulisikika ukelele mmoja mwembamba, basi. Raili alivua glavu, akatazama simu. Nukta ya mbwa wake ilikuwa imesimama.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, theluji hadi magotini, kilomita nzima na zaidi, huku akipiga risasi hewani kila alipopata pumzi ya kusimama. Mbwa mwitu huenda kwenye sauti ya mbwa anayewinda kwa sababu sauti hiyo inawaambia yuko wapi, na kwamba yuko peke yake. Kila mtu kule analijua hilo. Mtoto wa shule analijua.

Alitokeza kwenye barabara ya Urpo, akasimama hapohapo.

Theluji ya barabarani ilikuwa nzima, laini kutoka ukingo mpaka ukingo. Hakuna alama ya tairi. Hakuna gari lililopita pale tangu theluji ikome. Zilikuwapo nyayo tu, kubwa, mstari mmoja ulionyooka katikati ya barabara, kila mnyama akikanyaga alipokanyaga mwenzake, na penye kona mstari ukagawanyika ikawa mistari minne. Mtu aliyelala nusu usingizi angeziona kwenye taa za gari.

Sointu alikuwa hatua mia tatu ndani ya msitu. Mbwa mwitu walikuwa wamekimbia kwa milio ya bunduki, lakini walikwisha maliza kazi yao shingoni. Bado alikuwa na joto. Raili alipiga magoti, akamfunga kwa koti lake, akakaa pale. Hakulia. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata kwenye mazishi ya mumewe.

Akampigia simu Urpo.

"Liache gari barabara kuu," alisema. "Njoo kwenye barabara yako kwa miguu."

"Kwa miguu? Kuna nini, shemeji?"

"Njoo umwone panya wako."

Urpo alifika baada ya saa nzima, jasho limeganda kwenye ndevu. Raili alikuwa amemvuta Sointu kwa mkanda mpaka ukingo wa barabara. Urpo alimtazama mbwa, akatazama nyayo, akatazama theluji isiyo na tairi.

"Betri ilikufa," alisema mwishowe. "Naapa, Raili. Gari halikuwaka kabisa, hata sasa nimetoka nyumbani kwa miguu."

"Ulinipigia ukiwa wapi?"

Urpo akapangusa barafu kwenye ndevu.

"Nakuuliza ulikuwa wapi."

"Jikoni."

"Unakoroga sukari."

"Hawajaonekana upande huu miaka mitatu. Nilijua ni safi tu."

"Hukujua kitu wewe. Ungesema betri imekufa, ningekuja kuipita mwenyewe. Dakika ishirini, Urpo. Ningekucheka kidogo, yangeisha."

"Niliona haya."

"Haya," Raili alisema. "Uliona haya ya betri." Mikono ilimwasha kumpiga kwa kitako cha bunduki, na ninyi msimlaumu, mimi ningempiga. Lakini Sointu alikuwa na kilo ishirini na tano na barabara kuu ilikuwa mbali, na Raili hakuwa na nguvu iliyobaki. Alimhitaji. Katika watu wote wa dunia, alimhitaji huyu. Hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe.

Urpo akatoa simu. "Nimwite Ahti alete gari mpaka hapa."

"Mwite. Lakini asubiri barabara kuu. Hii barabara leo utaipita wewe. Mbebe."

Akambeba. Alimweka Sointu mabegani, miguu miwili huku, miwili huku, wakaanza. Raili alitembea nyuma yake, bunduki tupu begani, akitazama mgongo uleule uliobeba jeneza la Viljo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na kilomita nne, na nyayo za mbwa mwitu zilikuwa katikati yake karibu mwendo wote, na Urpo hakuwa na pengine pa kukanyaga.

Kilomita ya pili akayumba. "Shemeji, nimtue kidogo. Mgongo."

"Ulisema umefika mwisho."

"Raili, tafadhali."

"Asubuhi hukuchoka. Tembea."

Akatembea. Baadaye mabega yake yalianza kutikisika na Raili akajua analia. Hakumwonea huruma wala hakufurahi. Alikuwa amengoja kufurahi, tangu alipompigia simu alikuwa amengoja, na hakuna kilichokuja.

Ahti alikuwa amesimama barabara kuu, buti la gari wazi, blanketi limetandikwa. Alimpokea Sointu kwa mikono miwili, akamlaza, akamfunika mpaka masikioni. Kisha akamgeukia Urpo, na yule asiyekuwa mtu wa maneno siku hiyo aliyapata.

"Mshenzi wewe. Mtu anakupa roho ya mbwa wake, wewe umekaa jikoni? Neno moja tu unashindwa? Mbele ya mjane wa kaka yako? Huna hata haya ya uso."

Urpo aliinamisha kichwa. Raili alimsikiliza Ahti, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne kifua chake kikalegea kidogo. Kumbe yuko mmoja wa kuaminika. Karibu amshike mkono. Akaona aulize tu, kwa vile kuuliza hakugharimu kitu.

"Wewe yako uliipita, Ahti?"

"Niliipita."

"Saa ngapi?"

Ahti alirekebisha blanketi ambalo halikuhitaji kurekebishwa.

"Nakuuliza saa ngapi."

"Jana," Ahti alisema. "Jana jioni. Ilikuwa safi, Raili, haki ya Mungu ilikuwa safi."

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Raili alitazama buti, akatazama wanaume wawili waliokuwa wakitazama viatu vyao. Miaka sita alikuwa akimfungua Sointu kamba kwa sababu hawa wawili wamesema safi.

"Jike langu limezaa," Ahti alisema haraka. "Watoto watano, wa damu nzuri. Njoo uchague umtakaye. Hata leo."

"Mbwa nitampata," Raili alisema. "Nitamwachia kwa neno la nani?"