Kipimo cha Mkono wa Kushoto

Mwalimu alitukataza kumfumia mtu ambaye hatujampima kwa mikono yetu wenyewe. Alisema hivyo jioni ya kwanza, mbele ya ubao wa darasa la pili, ambamo sisi watu wazima tisa tulikuwa tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mkali kama siki.

"Sweta la kwanza mfumie mtu wa karibu," alisema. "Mtu unayeweza kumwambia simama, nyoosha mkono, acha kupumua kama ng'ombe."

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mwalimu, mwanangu yuko mbali."

"Mfumie mwingine."

"Sina mwingine."

Mama Pacha, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza: "Chukua mmoja wa kwangu, shoga. Wameniacha na akili nusu." Darasa likacheka, na Mwalimu naye akashindwa kujizuia. Akaniruhusu, ila kwa shingo upande.

Mwanangu alikuwa na miezi tisa kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku nzima kwa basi. Miezi miwili ya mwanzo alinipigia kila Jumapili. Kisha akaandika kwamba simu yake imeharibika sehemu ya kusemea, tuwe tunaandikiana. Tukaandikiana. "Shikamoo mama. Mimi mzima. Kazi nyingi. Usiku mwema." Miezi saba sikuisikia sauti yake. Nilitaka kitu kilichopita kwenye vidole vyangu kiguse mwili wake, basi. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na sikuwahi kushika sindano ya kroshia, lakini nilimwomba Mungu anipe mikono, nikajiandikisha.

Sweta lenyewe lilikuwa la wanaoanza. Mgongo kipande kimoja, kifua kipande kimoja, mikono miwili, vyote vimenyooka kama mifuko, kisha unaviunganisha. Kazi iko kwenye vipimo. Mwalimu aliniandikia orodha: kifua, bega hadi kiuno, upana wa mabega, mkono kutoka begani hadi kifundo cha kiganja, shingo. Nikaituma. Majibu yalikuja kesho yake asubuhi, yamepangwa vizuri. Kifua mia moja na kumi na mbili. Mkono sitini na sita. Shingo arobaini na tano.

"Mwanao ni mlango au ni mtu?" Mama Pacha akauliza.

"Aliondoka mwembamba," nikasema.

"Mawe yanajenga kifua," alisema Mwalimu. Nami nikafurahi. Nikamwazia akila vizuri.

Nilijifunza kuhesabu upya. Kwanza unafuma kipande cha majaribio, unakipima. Changu kilinipa vitanzi kumi na vinne kwa kila sentimita kumi. Kifua mia na kumi na mbili, ongeza nane za kupumulia, gawa kwa mbili: sitini. Vitanzi themanini na vinne. Nilipopata jibu hilo peke yangu, pasipo kusaidiwa, nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari mara mbili. Kila safu niliianza kwa kutaja jina la mtoto na kuifunga kwa amina. Nilifumua mara nyingi kuliko nilivyofuma, maana kitanzi kimoja kikikuponyoka pembeni, kipande kinaanza kwenda upande kama mlevi. Wiki saba nilihesabu. Nikipika nahesabu, nikioga nahesabu.

Jumamosi moja mchana nikamaliza mkono wa pili. Nikautandika juu ya wa kwanza mezani, kama Mwalimu alivyotufundisha, kuhakikisha inalingana. Ililingana. Ncha kwa ncha, hakuna hata uzi uliozidi. Nikacheka kwa furaha.

Halafu nikakumbuka.

Mwanangu alivunjika mkono wa kushoto akiwa na miaka tisa. Aliyemfunga alimfunga vibaya, mfupa ukaunga ukiwa umepinda. Tangu hapo mkono ule ni mfupi kwa upana wa vidole vinne. Mashati yake yote mimi ndiye niliyekuwa nikipunguza mkono wa kushoto, miaka kumi na tano mfululizo. Na sasa mimi mwenyewe, mama yake, nilikuwa nimepokea kipimo kimoja cha mkono, nikafuma miwili sawasawa, nikaomba juu yake, bila kukumbuka. Vitanzi vilikuwa vimenijaza kichwa hadi nikamsahau mtoto.

Nilikaa. Nikajiambia orodha ilitaja mkono mmoja, naye alipima wa kulia, kosa la nani? Langu. Nikashika simu, nikaandika: "Mwanangu, nipimie na mkono wa kushoto. Polepole."

Jibu halikuchelewa. "Nimepima mama. Wa kushoto pia 66."

Nilisoma mara tatu. Nje watoto wa jirani walikuwa wakirushiana maji, wanapiga kelele. Nikageuza simu kifudifudi juu ya meza, kama anayemfunika mtu uso.

Nikatazama vile vipande vinne. Mabega mapana, shingo nene, mikono mirefu. Nilikuwa nimeketi mbele ya mwili wa mtu nisiyemjua, nimemfuma mwenyewe kitanzi kwa kitanzi, na mtu huyo alikuwa ameshika simu ya mwanangu.

Jumatatu nilikwenda kituo cha polisi. Askari alinisikiliza huku akichezea kalamu yake. Akaomba aone ujumbe. "Mama yangu," akasema, "mtoto anayeandika shikamoo kila jioni hajapotea. Labda amechoka kupimwapimwa." Wenzake wakacheka. "Ukileta mtu aliyeona jambo, tutaandika."

Jioni ile darasani sikufuma. Mwalimu akaja akasimama kando ya dawati langu, nikamweleza. Nilidhani angesema nimechanganyikiwa. Yeye akachukua ile mikono miwili, akaipima kwa futi yake, mara moja, mara mbili. Akaketi.

"Huyu alipoombwa vipimo alijipima mwenyewe," akasema. "Hakuwa na mwingine wa kumpima."

Maneno yale nikayaelewa polepole, kama maji ya baridi yanavyopenya nguo.

"Sasa tunafanyaje?" Mama Pacha akauliza. Hapakuwa na mzaha tena usoni mwake.

"Tunamaliza sweta," akasema Mwalimu.

Nililimaliza, isipokuwa shingo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, kufuma kwa uangalifu nguo ya mtu unayemwogopa. Maombi yangu yakabadilika. Sikuwa nikisema tena mlinde mwanangu. Nilisema, Mungu, nipe kujua. Niliogopa hata kulisema, lakini nililisema.

Kisha nikaandika: "Sweta lipo tayari. Nitakuletea mwenyewe kazini wiki ijayo, nikuone."

Safari hii jibu lilichukua siku mbili. "Usije mama. Barabara mbaya. Namtuma rafiki yangu atalichukua Alhamisi. Nyumbani utakuwepo?"

"Alhamisi niko darasani," nikajibu. "Aje pale shuleni, saa kumi na mbili jioni."

Alhamisi ikafika. Hakuna aliyekosa darasa. Tulifuma kimya, ikisikika milio ya sindano tu. Saa kumi na mbili na dakika chache gari likasimama uani. Injini haikuzimwa. Mama Pacha alichungulia dirishani.

"Wawili," akasema. "Mmoja amebaki kwenye usukani."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa kijana, labda miaka ishirini na saba, na alijaza mlango. Nilimjua. Sikuwahi kumwona usoni, lakini yale mabega nilishayashika, ile shingo nilishaihesabu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala na alitazama sakafu.

"Shikamooni," akasema. "Nimetumwa mzigo na rafiki yangu. Nani mama yake?"

"Marahaba. Ni mimi. Karibu mwanangu."

Lile neno lilimgusa, niliona. "Nina haraka kidogo, mama. Gari linanisubiri."

"Sitakuchelewesha. Shingo tu imebaki, na haimaliziki bila mtu kuvaa. Nisaidie, vaa nione."

"Lakini si langu."

"Kwani utakuwa umelila?" Mama Pacha akasema. "Kijana mzima unaogopa uzi?"

Akatabasamu kidogo, kwa mazoea ya heshima, akalivaa. Aliingiza mkono mmoja, wa pili, akalishusha kifuani. Darasa zima likaacha kufuma.

Lilimkaa kama ngozi yake. Mishono ya mabega ilikaa penye mfupa. Mikono yote miwili iliishia penye kifundo cha kiganja, palepale. Nilimzunguka na futi. Kifua mia na kumi na mbili. Nilipozungusha futi shingoni, nilihisi koromeo lake likipanda na kushuka chini ya vidole vyangu.

"Arobaini na tano," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie. Sikuiondoa futi. "Mwanangu shingo yake ni thelathini na saba. Na mkono wake wa kushoto ni mfupi, hilo ulikuwa hulijui?"

Akafumba macho.

"Nilijua," akasema. "Nililala naye chumba kimoja. Nilijua. Lakini ulipouliza, nilikuwa nimeshaandika sitini na sita, nikaogopa kubadilisha."

Mwalimu alikwenda mlangoni, akasukuma komeo. Kwa mlango wa nyuma, ule unaotokea vyooni, Mama Pacha alikuwa ameshatoka, amekwenda kumwita yule askari na kalamu yake, na mwenzetu mmoja ameufunga nyuma yake.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Nje honi ililia, mara mbili, fupi.

"Kijana," nikasema, "zaidi ya miezi saba umenitakia usiku mwema. Nami nimekujibu. Nimekuombea wewe kila jioni nikidhani namwombea yeye. Yuko wapi?"

Akakaa kwenye dawati la mtoto, mikono ya sweta imelala mapajani.

"Ukuta wa mawe ulishuka," akasema. "Msimamizi alikuwa ameambiwa na mafundi kwamba una ufa, akasema tuendelee. Ukamfunika yeye. Tulipomtoa alikuwa..." Akapangusa uso kwa kiganja. "Msimamizi alisema habari ikitoka machimbo yanafungwa, na sisi tuliomzika tutafungwa kwanza. Akanipa simu. Akasema wewe unajua anavyoandika, andika hadi mwaka uishe, kisha tutasema aliacha kazi akaondoka mwenyewe."

Nilishika ukingo wa dawati. Nilikuwa nimeomba kujua, na nimejua. Hakuna aliyelia. Nadhani kila mmoja alinisubiri mimi, nami sikuwa na machozi bado, nilikuwa na maswali.

"Mlimzika wangapi?"

"Wanne."

"Mnapajua?"

"Nyuma ya mtambo wa kusagia kokoto. Niliweka alama."

"Mlimwombea?"

Akatikisa kichwa. "Walituharakisha."

Mlango wa gari ulifunguliwa, ukabamizwa. Nyayo zikaanza kuja kwenye korido ya shule, bila haraka, viatu vizito juu ya saruji. Kijana aliinuka nusu. Nikamwekea mkono begani, juu ya kazi yangu mwenyewe, nikamkalisha.

"Anaitwa nani huyo anayekuja?"

"Dereva wa msimamizi." Sauti yake ilikuwa imepungua hadi kuwa pumzi. "Mama, huyo ndiye aliyeshika koleo la kwanza."

Kitasa kikazungushwa. Komeo likashika. Kisha sauti ya mwanamume, ya upole kabisa: "Vipi humo ndani? Mzigo bado?"

"Bado shingo," Mwalimu akajibu, kwa sauti ileile anayotumia kukemea vitanzi vilivyolegea. Wanawake wawili walishainua benchi. Waliliweka mlangoni bila kelele, wakalikalia. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akageuza hadi ukurasa usioandikwa, akachonga penseli.

"Fungueni basi nisubirie humo," ikasema sauti.

Nilivuta dawati nikakaa mbele ya kijana, magoti yetu yakigusana. Kutoka hapa hadi kituoni ni mwendo wa robo saa, na kurudi robo saa, kama askari angekubali kuinuka. Mlango ulisukumwa kwa bega, mara ya kwanza, kama wa kujaribu. Benchi likasogea kidogo, na wale wanawake wakakaza miguu sakafuni.

"Usimsikilize yeye," nikamwambia. "Nisikilize mimi. Anza mwanzo kabisa, Mwalimu anaandika. Siku ile mwanangu aliamka saa ngapi?"

Kijana akatazama mlango. Akatazama penseli. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanitazama mimi.

"Aliamka kabla yangu," akasema.