Kiti cha Mtoa Jina

"Hutaumaliza huo mti?" aliuliza Kanyange, akimpakata mjukuu wake wa siku nane.

Christella hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua mkono wa kiti kwa msasa, kazi ileile aliyoifanya kwa maseremala wa soko la Agakiriro, Gisozi, mjini Kigali, mpaka wiki aliyojifungua.

"Mtoa jina akae vizuri, mama."

Mama mkwe akafurahi. Maskini, alidhani ni heshima.

Kwao Burundi, baba akikosekana, ndugu yake ndiye humpakata mtoto na kutamka jina mara tatu mbele ya watu. Salvator, baba wa mtoto huyu, alichukuliwa Bujumbura wakati wa maandamano, akarudishwa maiti. Ndugu aliyebaki ni mdogo wake, Évode. Siku ile Christella, akiwa na mimba ya miezi mitano, alichungulia dirishani akamwona Évode ndani ya gari la wale watu, akiwaonyesha mlango wao kwa kidole. Hakumwambia mtu. Hata waliomtuma walipomgeuka, naye akakimbilia Kigali, Christella alimkaribisha chai. Chuki aliilea pamoja na mimba, na vyote viwili vikatimiza miezi yake.

Évode alifika na kreti ya soda, akaketi, akapapasa kiti.

"Shemeji, kiti hii iko laini kabisa!"

"Nimekusugulia wewe."

Majirani, Warundi wenzao waliokuja kushuhudia, wakasogea. Christella akamweka mtoto mapajani mwa Évode, akainama, akamnong'oneza jina.

Rangi ikamtoka Évode. "Shemeji, hapana. Mtoto iko na kosa gani?"

"Hana. Sema."

"Mwanangu, watu wanangoja," Kanyange akahimiza.

Angekataa kwa sababu gani, mbele ya mama yake?

"Uzomuhorera," alisema.

Kila Mrundi pale alielewa: utamlipizia kisasi. Mtu mmoja aliyekuwa akicheka akaacha.

"Bado mara mbili," Christella alisema.

"Uzomuhorera." Évode alilisema akiutazama mkono wa kiti. Kanyange alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kitenge kikamteleza begani asikiokote. Christella alisikia raha, raha hasa, ya kwanza tangu Bujumbura.

La tatu halikutoka. Mtoto alikuwa amekikamata kidole cha baba yake mdogo, kilekile, anakivuta mdomoni akitafuta ziwa. Hakupata kitu, akaanza kulia.

Maziwa yakamtoka Christella yenyewe, yakalowesha blauzi. Hakunyoosha mikono. Alingoja la tatu.