Vifuu Juu ya Mistari ya Jivu

Ummy alichora mistari mitano ya jivu uwanjani kwao, Ikwiriri, akapanga vifuu vya nazi juu yake na katikati yake. Kila kifuu ni nota: kilichokaa juu huimbwa juu, cha chini huimbwa chini. Mtoto aviangalie, aimbe. Akipatia, anabonyeza kinanda. Na kinanda hicho, jamani, ndicho kilichowatoa watoto wa mtaa mzima majumbani.

Alipiga wimbo mfupi uliopangwa kwa vifuu hivyo, kisha watoto wakaimba mmoja mmoja, wote sawasawa. Habiba peke yake akaenda mrama, na aliporudia akakosea vile vile. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ubaya ni kwamba Waride, mama yake, alikuwa keshafika. Mpunga ulishaanza kubeba na shambani hakukuwa na wa kuamia ndege wasiule.

"Mwalimu, kama mwanangu hashiki kitu, niachie nende naye. Kesho alfajiri twavuka mto kwenda shamba."

Habiba alikitazama kinanda ambacho hajawahi kukigusa. Ummy alimhurumia, lakini kuliko huruma, udadisi ndio uliokuwa ukimwasha. Anayebahatisha hukosea kila mara kivyake. Habiba alirudia kosa lile lile, wala hakutetereka. Mtoto huyu alikuwa akisoma kitu. Kitu gani?

"Habiba, hebu kanyaga kila kifuu unapokiimba."

Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye kifuu cha mwisho kulia, akaanza kurudi kushoto, kila kifuu na sauti yake, bila kukosea.

"Nani kakwambia uanzie huko?"

Habiba alilishangaa swali lenyewe. "Si ndiko kunakoanziwa, mwalimu? Hata juzuu ya Kurani twaisoma kutoka kulia."

Ummy aliduwaa. Naye alisoma juzuu hiyo hiyo utotoni, asikumbuke! Akavipanga vifuu upya, wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na safari hii hakuupiga kwanza.

"Haya, nota huanzia kushoto."

Wale waliomcheka wakatazamana. Mmoja akajitosa, akaimba ule ule wa mwanzo. Kumbe walikuwa wakifuata sikio tu, vifuu wala hawana habari navyo.

Habiba akahamia kushoto. Akaimba polepole, kifuu kwa kifuu, mpaka mwisho. Ummy alipoupiga wimbo ule kwenye kinanda, ukatoka vile vile.

Waride alijifunga kanga yake upya, hakumwangalia mtu.

"Mpe akiguse," alisema. "Ndege n'tawaamia mwenyewe."