Aliyepanda kwa Kadi ya Moffat

Waliwapanga wanaume thelathini kwenye mstari mmoja, hatua kumi kati ya mtu na mtu, kila mmoja na fimbo. Moffat Kingori alikuwa wa nne kutoka kushoto. Ilikuwa siku ya tatu ya kutafuta. Huko juu, msitu unapokwisha na kubaki nyasi za mafungu, matope yalimfika magotini, na viatu vyake vya mpira vilikuwa vimejaa maji tangu asubuhi ya kwanza. Kila hatua alichoma fimbo kwenye nyasi, akaita kama wenzake walivyoita.

"Moffat! Moffat!"

Alikuwa akiita jina lake mwenyewe. Hakuwa na la kufanya. Mpagazi aliyepotea mlimani pamoja na mgeni wake, mzungu mmoja, alikuwa mdogo wake, Wamae, lakini Wamae alipanda na kadi ya Moffat mfukoni.

Hilo halikuwa jambo geni. Geti la kupandia mlima lilikuwa na kadi arobaini za wapagazi, na wanaume waliotaka kubeba, kutoka Kiganjo mpaka Naro Moru, walikuwa mamia. Kadi haikuwa na picha. Jina na namba, basi. Kadi iliyokaa mwezi mzima bila kupanda, nyapara Ngatia aliichukua akampa mtu mwingine, aliyemletea mbuzi. Mwezi wa saba Moffat alishikwa na kifua, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Akamwita Wamae. "Nenda mara moja tu, kadi isilale." Wamae alikuwa mtu wa kulima viazi. Hakuwahi kuuvuka msitu wa mianzi. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka kumi na moja, na kazi ilikuwa mlimani.

Saa tatu asubuhi filimbi ikalia upande wa kulia.

Mzungu alikuwa chini ya jiwe lililoinama, midomo rangi ya majivu, lakini hai. Juu ya koti lake alikuwa amevaa sweta ya kijani. Moffat aliijua sweta ile. Ngendo, mke wa Wamae, ndiye aliyeifuma. Akapiga magoti kwenye matope.

"Mwingine wapi?"

"Moffat," mzungu alisema, akanyoosha kidole juu, kwenye ukungu. Halafu akasema maneno mengi kwa Kizungu, na askari mmoja akatafsiri. Mpagazi aliteguka mguu. Hawezi kukanyaga. Alikaa karibu na ziwa dogo lenye mawe meusi, akavua sweta akampa mgeni wake, akamwambia aende atafute njia. Hiyo ilikuwa juzi.

"Hilo ziwa nalijua," Moffat alisema. "Ni saa tatu kutoka hapa. Twendeni."

Ngatia akamvuta kando kwa mkono wa shati. "Wa Kingori, tulia. Huyu akifia mikononi mwetu tumekwisha sisi wote. Tumshushe kwanza. Ndege ya watu wake iko Nyeri, ikipigiwa simu itapita pale ziwani leo leo. Wewe na hiyo kifua yako utashinda ndege?"

"Na asipoonekana?"

"Ataonekana. Ati huniamini?"

Moffat akashika mpini wa machela. Alibeba kwa saa saba, kwenye mianzi inayoteleza, akikohoa kando ili asimtikise mgonjwa. Baadaye hilo ndilo lililomrudia kichwani kuliko yote: kwamba alibeba vizuri.

Getini kulikuwa na gari la hospitali na wazungu wanne wenye makoti marefu. Walimshika kila mpagazi mkono, wakaondoka na mtu wao. Askari wakaanza kukusanya mablanketi ya watu wa kutafuta.

Moffat akaingia ofisini bila kubisha. Mkuu wa geti, Bwana Oloo, alikuwa mezani na kitabu chake, Ngatia amesimama pembeni.

"Bwana, bado mpagazi mmoja. Yuko kwa ziwa, mguu imeteguka. Ile ndege—"

"Ndege ilikodishwa na watu wa mzungu," Oloo alisema. "Imerudi Nairobi."

"Basi nipe watu watatu. Na blanketi."

Oloo akafuatisha mstari kwa kidole. "Kadi kumi na saba. Moffat Kingori. Ndiye huyo?"

Kabla Moffat hajafungua mdomo, Ngatia alicheka. "Bwana mkubwa, si Moffat ndiye huyu mbele yako! Alishuka peke yake kwa uoga, tukarudi naye kutafuta. Hao wapagazi wamerudi wote. Hakuna mtu amebaki."

Oloo akainua macho. "Wewe ni Moffat Kingori?"

"Ndiyo. Lakini aliyepanda—"

"Aliyepanda ni Moffat Kingori. Imeandikwa. Na Moffat Kingori amerudi. Mungu asifiwe."

"Ni ndugu yangu alipanda. Anaitwa Wamae. Mimi nilimpa kadi."

Karani aliyekuwa akipiga taipu chumba cha pili akaacha.

"Rudia," Oloo alisema polepole. "Lakini fikiri kwanza. Unaniambia mtu alipita geti yangu kwa jina la uongo, mimi nikiwa nimekaa hapa. Sasa hapo umejishtaki wewe ama umenishtaki mimi?"

"Nishtaki mimi. Nifunge. Lakini tuma watu kwanza."

"Watu wa kutafuta nani? Nikipiga simu Nyeri niombe watu na chakula, kitu ya kwanza wataniuliza ni jina. Nitawapa jina gani? Kitabu yangu haina Wamae."

"Si uandike!"

"Niandike leo mtu aliyeingia wiki iliyopita?" Oloo hakupandisha sauti. Alionekana mtu aliyechoka, anayetaka kwenda kwake. Akakigeuza kitabu, akasukuma kalamu. "Weka saini hapa, kwamba umetoka mlimani salama. Ukiweka, kesho asubuhi nitakuandikia ruhusa uende ukamtafute huyo wako, kimya kimya. Ukikataa, Land Rover iko nje, inaenda stesheni ya polisi."

"Weka, wa Kingori," Ngatia alisema. "Ukiwa ndani utamtafutia wapi?"

Moffat akaweka. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa machela, na jina likatoka limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Asubuhi Oloo hakuwapo. Alikuwa ameitwa Nairobi kupeleka ripoti. Hakuacha barua yoyote. Askari wa kizuizi alimsikiliza Moffat mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mpagazi hapandi bila mgeni. Wewe unajua hiyo kuliko mimi."

Moffat akazunguka kwa njia ya tembo. Hakufika kwenye mianzi. Askari wawili wa doria walimkuta, wakamfunga mikono kwa kamba za viatu vyao na kumrudisha mbele ya bunduki. "Bila mgeni wewe ni jangili," mmoja alimwambia. "Mara ya pili hatupigi hodi."

Ngendo alikuwa amekaa kando ya barabara nje ya geti, chupa ya uji kwenye mapaja. Alikuwa ametoka Mweiga kwa miguu.

"Baba Murugi," alimwambia Moffat, "wanaokwenda kumchukua wanatoka saa ngapi?"

"Wanatoka."

"Saa ngapi?"

"Tukipata mgeni."

"Mgeni wa nini?" Ngendo alisema. "Si ni mtu wetu?"

Moffat alikwenda akasimama kwenye mstari wa wapagazi, na siku hiyo hakuna gari lililokuja. Usiku mvua ilinyesha, na huko juu mvua ni theluji.

Siku iliyofuata ilikuja gari moja, na wazungu watatu. Moffat alilifikia kabla halijasimama. "Mimi, bwana! Nabeba bure! Bure!"

"Wee mzee!" mpagazi mmoja alimfokea. "Bure ni kwa mama yako? Sisi tutakula nini?"

Mwingine akamrushia udongo. Lakini wazungu walisikia neno bure, wakacheka, wakamtwika. Mizigo ilikuwa mirefu, imefungwa kwa turubai, na hakuuliza ni nini. Askari mwenye bunduki akafuata nyuma kwa ajili ya nyati. Kizuizi kikainuliwa.

Moffat alikwenda karibu mbio. Alijipangia: saa nne mpaka mwisho wa msitu, tatu mpaka ziwani, Wamae atakuwa amejikunyata kwenye mawe, hajalala, mtu wa viazi ni mgumu. Hakukikumbuka hata kifua.

Nusu saa haikuisha. Wazungu waliacha njia, wakateremka kwenye mto, wakakunjua viti vya turubai. Mmoja alimvua Moffat mzigo mgongoni, akaufungua. Ndani kulikuwa na fimbo za kuvulia samaki.

"Tumefika," askari alisema, akakaa kwenye gogo, bunduki magotini.

Moffat alisimama kwenye maji. Mto ule ulitoka juu, na juu hapakuonekana kitu. Akaweka mikono mdomoni.

"Wamae! Wamae wa Kingori!"

Akasikiliza. Akaita tena, kifua kikapasuka kwa kikohozi, akaita katikati ya kikohozi.

Mzungu mzee aligeuka kwenye kiti chake, akamwambia askari neno.

"Anasema unyamaze," askari alisema. "Unafukuza samaki."