Kijiko cha Kwanza cha Bosi

Boga nililinunua siku nne kabla. Nililigonga, nikalinusa, nikaligeuza huku na huku mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, unanunua au unaposa?" Nikamwambia naposa, na mahari natoa leo leo, ilimradi liwe tamu. Nilikuwa na ile furaha ya kijinga inayokufanya ucheke na watu usiowajua. Jumamosi mwanangu alikuwa anatimiza miezi sita, na Jumamosi hiyo hiyo angekula kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Chakula, jamani! Si chupa tena, si maziwa ya kopo peke yake. Chakula kwa kijiko, na kijiko hicho kingekuwa mkononi mwangu mimi, si mwa mtu mwingine.

Jina analo, zuri tu, lakini nyumbani hakuna anayelitumia. Tunamwita Bosi, maana tangu aje hatuna kazi nyingine ila kutimiza amri zake.

Nilijifungua nikiwa mgonjwa sana. Nililazwa wiki tatu, na dawa nilizopewa zilinikataza kunyonyesha. Niliporudi nyumbani maziwa yalikuwa yameshakauka, na mwanangu alikuwa ameshazoea chupa. Mume wangu alijua kupima maziwa. Mama mkwe alijua kumcheulisha. Wifi yangu alijua hadi jinsi ya kumkunja kwapani akatulia. Mimi mama mtu ndiye niliyekuwa naelekezwa, "Inamisha chupa kidogo. Siyo hivyo, hivi." Nilisema asante, lakini moyoni nilikuwa nawaka moto.

Kazi yangu ni ushonaji. Chumba cha mbele ndicho karakana: meza ya kukatia, kabati la vitambaa, na cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu, nzito kuliko dhambi. Nashona sare za shule. Aliyenifundisha kazi alikuwa mkali, na aliniwekea sheria moja: kila ukishona shubiri moja, simama, tazama mshono, ndipo uendelee. Mpaka leo siwezi kushona vinginevyo. Cherehani yangu hukimbia kidogo, ikanyamaza, ikakimbia tena, ikanyamaza. Wifi husema ina kigugumizi. Namwambia, heri kigugumizi kuliko pindo lililopinda kama lile la sketi yako.

Susu ya Bosi, kile kitanda chake cha kuning'inia, ilikaa hapo hapo karibu na cherehani. Mimi nashona, mwingine anampa chupa. Leo baba yake, kesho bibi yake, keshokutwa shangazi yake. Na yeye hakubagua. Chupa ikija, mdomo huo wazi, shwaa, imekwisha. Siku moja wifi akasema, "Huyu mtoto hata akilishwa na mlinzi wa benki atakunywa tu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Maneno yale yaliniingia. Kama kwake mikono yote ni sawa, mkono wangu una kazi gani?

Basi mama mkwe akaja na mpango wake. Si mtu mbaya, tusielewane vibaya, yule mama ana moyo wa dhahabu na mdomo wa kengele. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na mimi nilikuwa na sketi mia moja na ishirini za kushona. Akaniambia, "Mwanangu, akishaanza kula, nitamchukua mjukuu wangu, huyu mume wangu mdogo, nikae naye kwangu. Miezi miwili, mitatu, mpaka upumue. Anakula kwa yeyote, hatasumbua." Mume wangu akaona ni jambo la busara. Nikatafuta sababu ya kukataa, nikakosa. Ningesema nini? Kwamba atanililia? Bosi hajawahi kumlilia mtu ila chupa.

Nikasema, "Mama, tuone Jumamosi." Ila nafsini nikala kiapo kwamba hata kama ataondoka, kijiko cha kwanza ni changu. Hicho hakuna atakayeninyang'anya.

Jumamosi yenyewe ikafika na mimi nikapagawa. Nilifunga kazi siku nzima, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nirudi kutoka hospitali. Nilifagia nyuzi zote, nikapiga deki mara mbili, nikaifunika cherehani kwa shuka jeupe, nikaisukuma meza ukutani. Nilitaka chumba kitulie, kisiwe na kelele wala vumbi, mtoto ale kama mtu wa heshima. Mume wangu ni seremala, akaleta kiti cha mtoto alichokuwa anakitengeneza kwa siri wiki nzima, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, kina meza ndogo mbele na mkanda wa kumfungia. Tukamkalisha. Akakaa wima, shingo imara, akapiga meza kwa viganja vyote viwili.

"Tazama, anaitisha kikao!" baba yake akasema, huku simu iko juu tayari kupiga picha.

Mama mkwe alifika na mkoba wake mkubwa, mtupu, wa kubebea nguo za mtoto. Niliuona nikajifanya hamnazo. Wifi akaja nyuma yake amevaa utadhani tunakwenda arusini.

Boga nililichemsha mpaka likalainika, nikaliponda kwa uma, nikalichuja, nikalilegeza kwa maziwa yake mwenyewe ya kopo, kama muuguzi wa kliniki alivyonielekeza. Aliniambia nianze na kijiko kimoja au viwili tu, chakula kimoja kwa siku tatu kabla ya kuongeza kingine, na maziwa yake yaendelee kama kawaida.

"Weka hata chembe ya chumvi," mama mkwe akasema.

"Hapana, mama. Wala chumvi, wala sukari, wala asali. Muuguzi amekataza."

"Maskini mume wangu, wanakulisha karatasi."

Nikakaa mbele ya Bosi. Chumba kizima kimya, hata wifi kanyamaza, na hilo si jambo dogo. Nikachota kidogo kwenye ncha ya kijiko, nikakipeleka mdomoni mwake, nikasema, "Haya baba, kula."

Bosi akakitazama kijiko. Akanitazama mimi. Akafunga mdomo fyu!

Nikajaribu tena. Akageuza kichwa kushoto. Nikamfuata kushoto, akaenda kulia. Mara ya tatu kijiko kikagusa midomo, naye akapuliza, boga lote likaja kwenye blauzi yangu. Akaangua kilio.

"Ana aibu, tumemkodolea macho," mume wangu akasema. Akaweka simu chini, akajaribu yeye. Wapi! Wifi akaimba, akacheza, akajifanya anakula mwenyewe, akalilamba kabisa akasema tamu. Ng'o! Mama mkwe akavuta kiti akasema niachieni mimi, nimelea sita. Bosi akamfungia mdomo kama alivyotufungia sisi sote.

"Labda siku zake bado," wifi akasema. "Jaribuni wiki ijayo."

Muuguzi alikuwa ameniambia wazi kwamba mtoto akikataa nisimlazimishe, nipumzike nijaribu siku nyingine. Nililijua hilo. Lakini wiki nzima nilikuwa nimeota mdomo ule ukifunguka, na sasa nilikuwa na boga kifuani tu. Nikasimama. Nikasema, "Basi, mtoto hataki, mwacheni," kwa sauti iliyonitoka kali kuliko nilivyotaka.

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mteja wangu, amekuja kuchukua sketi ya binti yake ambayo nilikuwa nimemuahidi iwe tayari siku ile. Nilikuwa nimeisahau kabisa, ilibaki pindo tu. Siku nyingine ningemuomba radhi aje kesho. Siku ile nikashukuru kupata kitu cha kufanya kwa mikono kabla sijamtukana mtu.

"Dakika kumi, mama, subiri hapo kibarazani," nikamwambia.

Nikalitupa lile shuka jeupe pembeni, nikakaa nimewapa wote mgongo, nikaweka kitambaa chini ya sindano, nikakanyaga. Tak-tak-tak-tak-tak. Nikasimama, nikatazama mshono kwa macho yaliyojaa maji. Tak-tak-tak-tak-tak. Nyuma yangu kilio kikapungua, kikakatika. Sikujali. Nikaendelea.

Mara nikasikia ukelele. "Kala! Kala! Mume wangu kala!"

Wifi akapiga vigelegele. Mume wangu akawa anatafuta simu huku ameishika. Nikageuka, nikamwona mama mkwe ameinua kijiko kitupu juu kama kombe, na Bosi anatafuna tafuna boga kwa ufizi, kidevu chote cha njano.

Nilifurahi, ndiyo, ni mwanangu yule, kala! Lakini kijiko cha kwanza kiliingia kwa mkono wa mtu mwingine, na mimi nimempa mgongo. Miezi sita ya kungoja, na sikuona hata mdomo ulivyofunguka. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye ule mkoba mkubwa mtupu.

"Ongeza, mama, ongeza," mume wangu akasema, sasa simu iko tayari.

Mama mkwe akachota kingine. Bosi akafunga mdomo.

"Eh? Kulikoni tena?"

Akambembeleza. Hakuna. Nikasema kwa hasira, "Nilishasema mwacheni," nikarudi kwenye pindo langu, ili watu waondoke kibarazani na nyumbani kwangu pia. Nikakanyaga.

"Kafungua!" wifi akapaza sauti.

Nikasimama kutazama mshono.

"Kafunga," akasema. Kisha akasema polepole, "Hebu subiri. Wifi, hebu kanyaga tena."

Nikakanyaga. Sikugeuka safari hii, nilisikiliza tu. Nikasikia mama mkwe akisema, "Huyoo, kameza."

"Ni cherehani!" mume wangu akasema. "Anataka kelele ya cherehani! Toka mama Bosi, mpishe wifi yako akanyage, wewe uje umlishe."

Nikampisha wifi, nikakimbilia kijiko. Wifi anajua kushona, anashona ovyo lakini anajua. Akakanyaga trrrrrrrr, mfululizo, kama mtu anayefukuzwa. Nikapeleka kijiko. Bosi akaninyima mdomo. Akainyoosha shingo kupita bega langu, akaitazama cherehani, akakunja uso, akaanza kulalamika.

Wifi akaacha. Tukatazamana wote wanne. Aliyeelewa wa kwanza ni mama mkwe. Aliweka mkono kifuani.

"Rudi wewe," akaniambia. "Rudi ukanyage kama unavyokanyaga siku zote."

Nikarudi. Nikashona shubiri moja, nikasimama. Nikashona shubiri nyingine, nikasimama. Na kila nilipokanyaga nilimsikia mwanangu nyuma yangu, myam, myam, na miguu yake inapiga kile kiti kipya.

"Kumbe!" mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa ya kengele tena. "Miezi yote hii tunajidai tunamlisha sisi. Sisi tulikuwa tunashika chupa tu. Huyu alikuwa anakula kwa mama yake."

Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti, bila aibu, mpaka yule mteja akachungulia dirishani akauliza kama sketi imeungua. Tangu nirudi kutoka hospitali, karibu kila chupa aliyokunywa mwanangu, mkononi mwa yeyote, nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, nimemtazamisha mgongo, nakanyaga na kusimama, na yeye akinisikiliza. Siku pekee niliyonyamaza, akagoma kula.

Mume wangu ndiye aliyepata akili. Akakibeba kile kiti pamoja na Bosi ndani yake, mzima mzima, akakiweka ubavuni mwangu, uso wa mtoto sawa na uso wangu. Mama mkwe akanipa kijiko. Nikachota. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, bila kitambaa, bila uzi, sindano inachoma hewa tu, nikasimama kidogo kama ninavyosimama, nikakanyaga tena.

Bosi akanitazama usoni, akafungua mdomo mpaka nikaona koromeo. Kijiko kikaingia, kikatoka kitupu. Akacheka na boga likamtoka puani.

"Basi, muuguzi kasema viwili, tumeshapita!" nikapiga kelele, na mimi mwenyewe nilikuwa nachota kingine.

Mama mkwe akainama akauchukua mkoba wake, akaukunja mara mbili, akauweka kwapani. "Nikimchukua huyu itabidi nibebe na cherehani," akasema, "na fundi wake juu yake. Mgongo wangu hauwezi. Kesho nakuja asubuhi, unikatie hizo sketi nikupigie vifungo. Na wewe wifi mtu, utapiga pasi."

"Mimi tena?" wifi akasema.

"Wewe tena."

Yule mteja alipata sketi yake baada ya saa nzima. Pindo lake lilikuwa na doa dogo la njano, nikamwambia ukweli limetoka wapi, nikajitolea kulifua. Akakataa. Alisimama kibarazani akamtazama Bosi, kisha akaniomba nikanyage mara moja tu, naye aone.

Nikakanyaga. Mdomo huo, wazi.