Magnesiamu ya Zulekha

Bi Amira alikuwa muuza khanga Kariakoo tangu mwanawe wa pekee akiwa hajaota meno, na mtu mwenye njaa hakupita mbele yake asimjue. Basi alipoona Zulekha, mke wa huyo mwanawe, anarudisha sahani jikoni kama alivyopakuliwa, alijua kuna jambo. Walikuwa wawili tu ghorofani kwao Mchafukoge, maana mume alikuwa safarini na lori.

"Umegombana na mumeo?"

"Hapana, mama. Ni kazi tu. Inanigomea."

Hiyo kazi Bi Amira aliijua juujuu: Zulekha alikuwa anasoma shahada ya pili, na alikuwa anatafuta kirusi cha ugonjwa wa batobato kwenye majani ya muhogo. Zaidi ya hapo, giza. Kesho yake alimwachia duka jirani yake Blandina, akapakia wali wa nazi na samaki kwenye hotpoti, akachukua bajaji mpaka chuoni.

Alimkuta Zulekha na koti lake jeupe, macho mekundu, mbele ya kompyuta iliyoonyesha picha nyeusi tii.

"Shikamoo, mama! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nimefuata mdomo unaokataa kula."

Maabara hairuhusu chakula, wakatoka kukaa barazani. Hata hawajala sana, Zulekha akaanza kulia.

"Nieleze, mwanangu. Taratibu, mimi haya sikuyasoma."

Zulekha akajifuta kwa kiwiko. "Ili nikione kirusi kwenye ile picha, lazima DNA yake inakiliwe mara nyingi sana. Kinachonakili ni kimeng'enya. Kinaushika uzi wa DNA, kinaongeza herufi moja baada ya nyingine. Lakini peke yake hakiwezi kuunga. Kinahitaji ioni mbili za magnesiamu, palepale panapoungwa. Moja inaiandaa ncha ya uzi iweze kuipokea herufi mpya. Nyingine inaishika ile herufi kwenye mkia wake wa fosfati, na mkia ukikatika inausaidia kutoka. Hata RNA mwilini mwako inaungwa hivyohivyo."

"Sasa wewe hukuziweka?"

"Nimeziweka, mama! Nimepima kwa mkono wangu."

Filbert, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ametoka kupunga upepo. Alisalimia, akakaribishwa, naye hakujivunga. Alipomaliza kutafuna akauliza, "Zuu, ile DNA uliiyeyushia kwenye nini?"

"Kwenye ile chupa ya rafu ya chini. Ile ya kuhifa…"

Mkono wa Zulekha ukaganda juu ya wali.

"Mungu wangu! Ile dawa inanasa magnesiamu, mama! Ndiyo inavyohifadhi: vimeng'enya vinavyotafuna DNA navyo vinakosa nguvu. Nami nimeitia kali mno. Imenikamatia magnesiamu yangu yote!" Akacheka, machozi bado yako shavuni.

Aliisafisha DNA, akaiyeyusha upya kwenye maji safi, akaanza tena. Bi Amira aliambiwa aende nyumbani, akakataa. Aliswali alasiri kwenye chumba kitupu walichomwonyesha, akarudi kwenye kiti chake, akasinzia na pochi mapajani mpaka alipohisi mtu anamgusa bega.

"Njoo uone, mama."

Safari hii kwenye ile picha nyeusi palikuwa na kimstari cheupe kinang'aa.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kadogo hivi ndiko kalikokunyima kula?"

Zulekha akamkumbatia. Bi Amira hakuwahi kuzaa binti. Alisimama na kichwa cha yule msichana kimelala shingoni kwake, watu wanapita na machupa yao, naye hakuona sababu ya kumwachia.

Waliporudi Kariakoo jua lilikuwa limelegea, wapagazi bado wanapiga kelele wapishwe njia. Zulekha alikuwa ametaja kwamba magnesiamu imo hata kwenye mchicha, na hilo Bi Amira alilishika. Alinunua mafungu mpaka mfuko ukamlemea, ndipo wakaenda dukani.

"Mbona siku nzima?" Blandina akauliza. "Kuna nini?"

"Mkwe wangu amepata magnesiamu," Bi Amira akajibu, kifua mbele.

Blandina akashika mdomo. "Jamani, pole, mwanangu! Wamekupa dawa lakini?"

Zulekha alicheka mpaka akaegemea marobota ya khanga. Bi Amira, ambaye hakuelewa kinachochekesha, akampa mfuko wa mchicha aubebe.